Mama wa chai na kigimbi changu

Leo mama wa chai ameniuliza swali ambalo hata daktari hakuniuliza.

Kigimbi changu kilichanika miezi miwili iliyopita. Tulikuwa tunaruka kamba kwenye mazoezi ya ngumi, risasi zikalia, tukatimua mbio. Daktari anasema kimepona. Mimi bado nachechemea.

Leo nimetoka mazoezini, palepale, nikanywa chai kwake hapa mtaani Atlabara. Nilipoinuka akaniita.

"Mtoto yangu, ukienda mazoezi, mimi iko naona wewe nachechemea. Ukirudi, hapana. Mbona?"

Nikabisha. Halafu nikaenda nyumbani nikiuchunguza mguu.

Sikuchechemea hata hatua moja.

Jamani, mguu mbovu si huuma zaidi baada ya mazoezi?

Kesho nitaenda mazoezini kwa njia ya nyuma. Nataka kuona kama mguu utajua tunakoenda.