Saruji ya Wageni

Kaburi la baba yake bibi lilikuwa safu ya mwisho, upande wa barabara, kwenye makaburi ya wafanyakazi wa reli pale Kilosa. Halikuwa na jina. Yote pale hayakuwa na majina. Waliozikwa walikuwa watu wa kuja, reli iliwaleta kutoka kila upande wa nchi, na wengi wa waliowazika hawakujua kuandika. Kwa hiyo chokaa ya kaburi ilipokuwa bado mbichi waligandamiza kitu juu yake kiache alama: spana, kitana, mdomo wa kikombe. Mpaka leo ukimuuliza mtu wa mtaa wetu babu yake kalala wapi, atakwambia yuko kwenye kitana, au yuko kwenye spana.

Letu lilikuwa na mkono. Ulikuwa mkono wa bibi mwenyewe, alipokuwa mtoto ambaye hata meno ya mbele hayajang'oka. Mtu mzima mmoja alimshika kiwiko akamwambia bonyeza, naye akabonyeza huku analia, kwa sababu chokaa ilikuwa inamwasha.

Kila alipokwenda pale aliinama, akaingiza vidole vitatu kwenye ule mkono, maana kiganja chake cha uzee hakikuenea tena, akasema, "Shikamoo baba." Halafu akajijibu mwenyewe kwa sauti nzito, "Marahaba." Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mchezo wa kunichekesha mimi.

Vigingi vya barabara vilipopigwa, vyekundu vichwani, kimoja kilisimama karibu kabisa na miguu ya kaburi lile. Mwenyekiti wa mtaa alieleza kwenye mkutano kwamba barabara inapanuliwa na makaburi yatahamishwa kwa heshima zote. Bibi hakuuliza swali mkutanoni. Aliniuliza mimi, nyumbani, akichambua mchele.

"Mume wangu, greda linajua kuhamisha kwa heshima?"

Bibi zetu hutuita waume zao, ndiyo utani wao na wajukuu. Siku hiyo hakukuwa na utani ndani yake. Nilimwambia nitafanya kitu. Akasema, "Fanya. Mimi nimeshamzika mara moja. Mara ya pili sitaiweza."

Nafanya kazi Mikumi, kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, kando ya barabara kuu, mahali ambapo nyani huja kupekua pipa letu la taka kama wateja wengine. Niliamua kuwaandikia wilaya ripoti ya makaburi yale, ingawa sikusoma chuo chochote. Nilichojua kuhusu ripoti nilijifunza kwa kuchapa ripoti za watu, na nilichojua kuhusu malikale, vitu vya kale vinavyolindwa na serikali, nilikisoma kwenye simu, kati ya mteja na mteja. Nasema hivi ili ieleweke kwamba nilikuwa na hofu tangu mwanzo. Mtu aliyejifunza mwenyewe hajui ni kipi asichokijua. Basi anarudia. Niliyapima makaburi yote kwa futi ya cherehani, nikayapima upya kwa sababu futi ya nguo hulegea, nikatafuta futi ya chuma nikaanza tena. Mkono wa bibi niliupiga picha kila siku ya mapumziko, nikirudi Kilosa kwa ajili hiyo tu, na kila mara kivuli kilikuwa kibaya. Bibi alikaa pembeni akinishikia mwavuli.

"Huo mkono umeupiga picha kuliko bibi harusi," alisema.

Ripoti nilishindwa kuipeleka. Kila nilipoifungua niliona sentensi ya kuaibisha. Mwishowe afisa utamaduni wa wilaya, ambaye nilikuwa nimemwahidi ripoti hiyo, alinipigia simu.

"Kijana, lete hivyo hivyo ilivyo. Greda halisubiri sentensi."

Nilipeleka. Akanieleza mambo yanavyokwenda. Wilaya peke yake haiwezi kuisogeza barabara. Inaweza kuuomba mkoa umtume afisa wa malikale, na huyo akiziona alama za asili kwa macho yake, pale pale zilipo, anaweka mpaka wa hifadhi ya muda. Kilichomo ndani ya mpaka hakiguswi, na barabara itabidi ijibane upande wa pili, ambako kuna uwanja mtupu. "Picha zako ni nzuri," aliniambia, "lakini yeye halindi picha. Analinda kilichopo."

Siku ilipopangwa nilimpigia bibi kwa furaha ambayo sasa naionea aibu. Nilimwambia wageni wa mkoa wanakuja. Nilimwambia pasafishwe, wasikute dosari. Nilikuwa na maana ya nyasi.

"Unanifundisha mimi kupokea wageni?" akasema, akakata simu.

Siku ya wageni nilipanda gari la kwanza kutoka Mikumi. Mpaka tunapita Masanze nilikuwa bado natafuta makosa kwenye nakala yangu ya ripoti. Niliposhuka Kilosa nilitembea haraka, na kabla sijafika niliona weupe.

Sijui nieleze vipi kwa mtu ambaye hakukulia huku. Mgeni mkubwa akija, mawe hupakwa chokaa. Vigogo vya miti hupakwa chokaa. Nilipokuwa shule ya msingi tuliwahi kupaka mawe ya njia nzima kwa ajili ya mgeni ambaye hakutokea, na hakuna aliyeona ajabu. Hivyo ndivyo tunavyomwambia mtu kwamba tunamheshimu. Sasa mawe ya njia ya makaburini yalikuwa meupe, turubai limefungwa, kiti kimetandikwa kitambaa, wanawake wako kwenye masufuria ya pilau. Na makaburi, yote, kila safu, yalikuwa yamepigwa lipu mpya ya saruji na kupakwa rangi nyeupe.

Mwenyekiti alinijia mikono imefunguka. "Umeona mambo? Utadhani tuko Dodoma! Msaragambo, kijana, kazi ya mtaa mzima. Kila familia imechangia saruji yake."

Sikumsalimia hata shikamoo. Nilikwenda mpaka kaburi letu. Lilikuwa limepigwa niru, ule uji wa saruji wa kumalizia, laini kama bilauri. Nilipitisha kiganja mahali pa mkono, nikakipitisha tena, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Hakukuwa na kitu.

Bibi alikuja amevaa kanga mpya, doti ambayo alikuwa ameiweka kwa ajili ya siku kubwa.

"Bibi, mkono uko wapi?"

"Umo ndani."

"Nani kauziba?"

"Mimi ndiye niliyemwambia fundi." Alinitazama kwa mshangao, hakuwa na wasiwasi bado. "Ningefanyaje? Mgeni atoke mkoani aje akute kaburi la baba yangu lina shimo, chokaa imebanduka kama ugonjwa? Angesema huyu mzee hakuacha watoto."

"Lakini mkono ndio wanaoujia!"

"Si uko kwenye simu yako?" akasema. "Si ndiyo maana ulikuwa unaupiga picha siku zote zile?"

Nilikaa chini kwenye ukingo wa kaburi, na bibi akanitazama usoni, na nikaona anaanza kuelewa. Uso wake ulishuka taratibu. Hakulia. Alishika ncha ya ile kanga mpya akaanza kuikunja, anaikunja na kuikunjua.

Jirani yetu, mtani wake, bibi kizee mwenzake ambaye babu yake yuko kwenye kitana, alipita na mwiko mkononi. Kabila lao na letu ni watani tangu enzi za safari za miguu, na mtani hana simile.

"Watani zangu hawa!" akapaza sauti. "Wana saruji ya kujengea bwawa, lakini pilau haina chumvi. Mwenzenu nilimpa fundi kibakuli kimoja tu, nikamwambia kingine jaza mchanga wa mtoni, huyu babu alikuwa mvivu, hatoki humo."

Akatutazama, akashusha mwiko.

Afisa wa malikale alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa mabuti ya mpira. Alifika na afisa utamaduni wetu, akakipita kiti cha kitambaa bila kukiona, akasimama katikati ya makaburi.

"Nani kafanya hivi?"

"Wananchi, mheshimiwa," alisema mwenyekiti. "Kwa nguvu zao wenyewe."

Hakumgombeza. Nadhani alikuwa ameshayaona haya mahali pengi. Alichuchumaa kwenye kaburi la mtani, akakwaruza lipu kwa ukucha, na lipu ikabanduka kama ganda la yai. Ilikuwa mchanga mtupu. Akabandua kipande kingine, akapuliza vumbi, na meno ya kitana yakatokea, yote, mazima.

"Ahaa," alisema.

Ikawa hivyo safu baada ya safu. Waliochangia kidogo, lipu yao ilitoka kwa vidole, na chini yake spana, kikombe, punje za mahindi zilizopangwa duara vilikuwa vinasubiri. Watu waliitana kwa vigelegele. Safu yetu ya mwisho, ya familia zilizotaka kufanya vizuri, haikutoka. Bibi alikuwa ameuza kuku wake wa mayai ili fundi asichanganye mchanga mwingi.

Afisa alianza kuvuta utepe wa mpaka kutoka mti hadi mti. Ulipofika safu yetu, ulipita nyuma yake, ukaiacha nje. Nilimkimbilia. Nilimwonyesha simu, picha moja baada ya nyingine. Nilisikia sauti yangu inapanda kama ya mtoto.

"Nakuamini," alisema. "Lakini safu hii ndiyo wanayoitaka watu wa barabara. Wataniuliza alama iko wapi. Siwezi kuwaonyesha simu."

"Na nikiitoa saruji?"

Alimtazama afisa utamaduni, kisha akanitazama mimi. "Kaburi ni la familia, na bado haliko kwenye hifadhi. Siwezi kukutuma, wala siwezi kukukataza. Ila nikiondoka hapa leo, naondoka na mpaka huu."

Nilimgeukia bibi. Nilitaka aseme hapana. Kweli, nilimwomba Mungu aseme hapana.

"Piga," akasema.

Fundi alileta tindo na nyundo. Nilimwachia yeye, lakini bibi akavichukua akanipa mimi. "Fundi hajui ulipo. Wewe ndiye uliyeupima."

Ni kweli nilijua. Vile vipimo vyangu vya kurudiarudia vilikuwa kichwani: kutoka pembe ya kichwani, kutoka ukingo wa kushoto. Nikachora mraba kwa mkaa, mpana kuliko mkono. Nikagonga pembeni, kidogo kidogo. Mtani akaja akanishika kiwiko. Saruji ilipasuka kwenye mstari, nikaingiza tindo chini yake, nikainua.

Ilitoka kipande kimoja. Kaburini palibaki shimo lenye kingo za kuchongoka, mawe na udongo mwekundu. Chokaa ya zamani ilikuwa imeng'ang'ania saruji, ikatoka nayo. Nikakigeuza kile kipande. Chini yake, pale saruji ilipokuwa imejaza ile alama, ulikuwa umesimama mkono wa mtoto. Ulikuwa umejaa, umevimba kutoka kwenye saruji, vidole vimetanuka, na juu yake ngozi nyembamba ya ile chokaa. Mpaka mikunjo ya kiganja ilionekana.

Afisa alikishika kwa mikono miwili, akakitazama kwa muda, akakipiga picha.

"Hii ni saruji ya wiki hii," alisema taratibu.

"Chokaa iliyo juu yake ni ya zamani," nikasema.

"Ni ya zamani. Lakini imeondoka mahali pake." Alinirudishia. "Nitaandika nilichokiona. Pole sana." Utepe haukusogea.

Bibi alikipokea kipande, akakiweka mapajani. Akaweka kiganja chake juu ya ule mkono mdogo, kiganja kwa kiganja. Mtani wake alikuwa amesimama juu yake, midomo inamcheza. Mwishowe akasema, kwa sauti ya chini, "Mtani. Baba yako amechoka kukushika mkono. Kakurudishia."

"Toka hapa, mchawi wewe," bibi akamjibu, kama inavyopasa, na wote wawili wakaanza kulia.

Wageni walilishwa pilau. Ilikuwa kweli haina chumvi.

Kitana, spana na kikombe viko ndani ya mpaka. Nashukuru, nasema nashukuru kila mtu akiniuliza. Lakini usingizini nagonga lile kaburi. Nagonga kutoka juu, kutoka kulia, namwagia maji kwanza, nasubiri. Kuna namna sahihi, nina hakika, na sikuijua. Safu yetu inasubiri siku ya kuhamishwa. Kile kipande kiko chini ya kitanda cha bibi, kimefungwa kwenye ile doti mpya. Fundi amesema anaweza kukibandika kwenye kaburi jipya. Bibi hajajibu.

Asubuhi niliyorudi Mikumi tulipitia pale. Utepe ulikuwa unapigwa na upepo, na kutoka kwenye utepe hadi kaburi letu futi yangu ya cherehani ingefika na kubaki. Bibi aliinama. Vidole vyake vitatu vilitangulia, vikasimama hewani juu ya lile shimo la mawe, havikujua pa kuingia.

"Shikamoo baba," akasema.

Hakujijibu. Alibaki ameinama, anasubiri. Nilitaka kumjibu mimi, lakini sina sauti nzito.