Karatasi ya Kashe mu Farmasi Yangu

Nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa shule ya msingi, basi. Dawa nilijifunza kwa mikono. Nilianza Mongbwalu, beseni ya vidonge juu ya kichwa, nikizunguka kati ya wachimbaji wa zahabu. Leo niko na farmasi hapa Shari, mu Bunia, na hakuna mutu alinisaidia. Ninasema hivi sababu kiburi ile ndiyo iliniangusha.

Kuko dawa ya tansio, ile presha ya damu, yenye watu wengi wa Bunia wanakunywa. Ile ya jina kubwa inatoka Ulaya, mu boite nzuri ya kartoni. Ingine ni jenerike: dawa ile ile, kampuni ingine inaitengeneza, bei iko chini. Siku moja delege wa kampuni ya jina kubwa, mwenye anapita mu mafarmasi kusifu dawa zake, akaniachia barua.

"Papa, hawa wa jenerike tumewapeleka ku tribinali, mbele ya majaji. Walituibia dawa."

Barua ilikuwa ya Kifaransa, kurasa mbili, na chini yake kashe, muhuri nyekundu ya mviringo. Mutu wa Bunia anajua kashe. Siye tukiiona tunavua kofia, hata kama hatujui inasema nini. Nikaitia mu plastiki, nikaipigilia ku ukuta, nikaondoa jenerike zote.

Mama mumoja, mukimbizi wa Fataki, muuza sombe, majani ya muhogo, ku soko, alizoea kununua kwangu dawa ya tansio. Akauliza: "Papa, ile ya bei chini iko wapi?"

Nikamuonyesha ukuta. "Ile ni ya wezi, Mama. Unataka kukunywa kitu ya wizi?"

Akacheka. "Hapana, Papa. Wezi walishanimaliza huko kwetu."

Akachukua ya boite. Lakini hakuweza kulipa plaketi muzima ya vidonge. Kwetu tunakata plaketi na makasi, kila mutu anabeba vidonge vyenye anaweza. Nilimukatia vine. Kidonge ni kimoja kila siku. Akarudi nyuma ya siku nane. Nikakata vine tena. Akarudi nyuma ya siku nane ingine.

Kifaransa sijui, lakini kuhesabu, hakuna mutu ananishinda. Nilijua anaruka siku. Mukono ilikata, mudomo ikanyamaza. Kama ningesema, ningepashwa kumurudishia jenerike mbele ya watu wenye nilikwisha kuwahubiria.

Akaanguka ku soko, kati ya sombe yake.

Ndugu yake mudogo ni mwalimu. Akakuja kutafuta dawa, farmasi ikiwa imejaa watu, akasimama mbele ya ukuta.

"Papa, hii karatasi, ni nani aliisoma?"

"Mimi."

"Soma basi, tusikie."

Nikasema nilisahau miwani nyumbani. Mama mumoja akapasuka kucheka: "Eh, muzee! Miwani si iko juu ya pua?"

Mwalimu hakucheka. Akasoma yeye mwenyewe, akageuza mu Swahili. Kampuni ya kwanza inasema ni yeye ilivumbua ile dawa, inataka kuitengeneza peke yake mpaka miaka yenye sheria inaipa iishe. Ni ugomvi wa haki ya kutengeneza. Hakuna mustari wenye unasema ile ingine haiponyeshe. Na tribinali iko Ulaya. Kongo haitajwe hata mara moja.

"Dada yangu mukono moja imekufa, mudomo imepinda," akasema. "Juu ya ugomvi wa matajiri wa Ulaya?"

Watu wakatoka mumoja mumoja, bila kuniaga.

Siku ya yenga, siku ya Mungu, nikabeba jenerike ya mwezi muzima, nikaenda kwa yule mama. Nilitaka kumuambia habari ya vile vidonge vine. Alikuwa amekaa ku mulango, ndugu yake kando. Akasema pole pole, maneno yakimuteleza:

"Weye mwalimu, uache kutukana Papa. Alinikataza kitu mubaya, alinipenda. Kosa ni yangu. Nilikuwa naruka siku, na sikumuambia. Angejua, angenigombeza."

Mwalimu akainama. Akaniomba musamaha, mimi, kama vile mutoto anaomba baba yake.

Ilibaki niseme neno moja: nilijua. Nikasema: "Ukunywe kila siku, Mama." Nikamaliza chai yenye walinipa, nikaenda.

Miezi imepita. Bado ananiita mutu mwema mbele ya majirani, na mimi ninaitika.