Nusu Dirisha

Juzi nilipita Hyattsville, huku Marekani, nikaiona ile nyumba ya matofali tuliyopanga utotoni mwangu. Ilijengwa kwa mtindo wa Kiingereza iwe makazi ya mchungaji, halafu alipofariki wenyewe wakaigawa kwa kuta nyembamba ili wapangishe familia nyingi. Ukuta wa jikoni kwetu ulilikata dirisha kubwa katikati, nusu kwetu, nusu kwa jirani.

Kwenye ukingo wa nje wa dirisha hilo ilikuwa ikija sahani ya maua isiyokuwa yetu, yenye mahamri ya moto yanayonukia iliki. Mama aliyapokea kimyakimya, kisha akaijaza sahani pilau, akairudisha pale pale na kushusha pazia. Mimi nilikataa kula. Niliamini kabisa kwamba mama, mwimbaji wa kwaya, anabadilishana chakula na marehemu mchungaji.

Alasiri moja nilijibanza nyuma ya pazia. Ukatokea mkono wenye hina. Ulikuwa wa Mama Zuhura wa Mombasa, jirani ambaye mama alitukataza hata kumwamkia.

"Mama, si mmenuniana?" nilimuuliza, kwa Kiingereza changu.

"Tumenuniana. Na simsamehe."

"Sasa mbona unampa pilau?"

"Kwani sahani ya mtu hurudishwa tupu?"

Hawakusalimiana mpaka tulipohama. Siku ile tuliondoka asubuhi mno, zamu ya kuijaza sahani ikiwa yetu. Sahani ya maua ninayo kabatini hadi leo, tupu.