Steringi Aliyebeba Nyasi Kichwani

Enzi za ruksa, za biashara huria, zilipofika Sumbawanga, watu wengine walizitambua kwa sabuni za rangi na redio za kaseti. Mimi nilizitambua kwa banda la video la Kizwite. Lilikuwa banda la mabanzi, madirisha yamezibwa kwa magunia, na nje jenereta linanguruma kiasi kwamba maneno ya kwenye picha huyasikii. Hatukuyahitaji, maana yenyewe yalikuwa ya Kichina. Tulichohitaji ni kujua steringi ni nani, basi. Ukishamjua unatulia, kwa sababu steringi hafi. Anapigwa, anafungwa kamba, anatupwa mtoni, halafu mwishoni anatokea na koti lake safi kabisa kuwamaliza maadui wote.

Humo ndimo nilimokutana na mume wangu. Nilikuwa nakaa kwa shangazi nikijifunza cherehani, na yeye alikuwa anauza makoti ya mitumba sokoni. Kwa baridi ya kwetu muuza makoti hakosi wateja, na mteja wa kwanza wa makoti yake alikuwa yeye mwenyewe. Alivaa koti la ngozi, miwani myeusi na raba nyeupe, akatembea akitupa mabega kama wale wa kwenye mkanda. Nilimcheka sana. Kisha siku moja nikagundua kwamba nikimaliza kushona namtafuta kwa macho, na hapo nikajua yameshanikuta.

Aliposema anataka kunioa nikamwambia aende kijijini kwetu Mwazye, kwa baba. Baba alikuwa mtu wa jembe na kanisa, mahindi na ulezi, mwenye maneno machache. Kwetu kijana anayetaka binti huja na wenzake kulima shamba la wakwe. Si adhabu, ni usaili. Wazee hawakuulizi umesoma wapi, wanakuangalia mgongo.

Tatizo ni kwamba hakuwa peke yake. Kulikuwa na bwana mmoja mnunuzi wa mahindi, mwenye pikapu yake mwenyewe. Zamani mahindi yetu yalisubiri ushirika mpaka panya wakashiba, sasa huyu bwana alikuja na mizani hadi mlangoni. Kijiji kizima kilimwona shujaa. Naye alikuwa ameshamdokeza baba kwamba ananitaka, na kwamba suala la kulima lisimpe mtu mawazo, ataleta vibarua. Baba zangu wadogo walikuwa wanaipanda pikapu ile kama wameinunua wao. Baba hakusema ndiyo wala hapana. Alisema shamba lake la ulezi liko palepale, na mwanaume atakayelimaliza kwa mikono yake kabla mvua haijakatika, huyo wataongea. Mimi pikapu sikuitaka. Lakini nilijua wazi kwamba yule wa makoti akishindwa, nitapakiwa.

Sasa ujue shamba la ulezi Ufipa halilimwi matuta. Mvua zinapoelekea mwisho, nyasi zikiwa ndefu, unazikata na udongo wake, unazigeuza, unazirundika duara, kisha unazifunika kwa udongo mpaka panakuwa na kilima kinachofika magotini. Tunakiita ntumba. Nyasi zinaozea humo ndani, msimu unaofuata unakitawanya na kumwaga ulezi. Nyasi ndiyo mbolea yenyewe. Mtoto wa Kifipa anajua hilo kabla hajajua ishara ya msalaba. Mimi sikuwahi hata kufikiri kwamba kuna mtu anayehitaji kuambiwa.

Walikuja Jumamosi juu ya lori, yeye na washikaji zake, wote wana miwani. Bibi zangu wakadhani ni bendi. Kusalimia wakwe kwetu mtu anachuchumaa na kupiga makofi taratibu. Yeye alisimama wima akatoa mkono. Baba aliutazama ule mkono kidogo, akaupokea, akachukua baiskeli yake akaenda msibani kijiji cha pili. Mimi nilibaki jikoni na bibi tukitengeneza kimpumu, pombe yetu ya ulezi, kwa ajili ya walimaji. Binti hasogei shambani siku anayolimiwa, ni aibu. Kwa hiyo siku nzima nilisikia majembe yakilia na vijana wakiimba, nikafurahi moyoni kama mjinga.

Jumapili tukatoka misa. Njia ya kutoka kanisani inapita kando ya shamba la baba. Waliotangulia walisimama, waliofuata wakasimama, na sisi wa nyuma tukaanza kusikia kicheko kinatujia kama mvua inavyokuja juu ya mabati. Nikajipenyeza mbele. Lahaula! Shamba lilikuwa safi kama uwanja wa shule. Nyasi zote walikuwa wamezifyeka, wakazibeba, wakazitupa kwenye korongo kule chini. Kwenye udongo mtupu walikuwa wamepiga matuta marefu, yamenyooka, kama mpenzi wangu alivyofundishwa na mwalimu wa kilimo shuleni kwao mjini. Walikuwa wameitupa mbolea yote, tena kwa bidii.

"Bwana," alisema yule wa mahindi, ameegemea pikapu yake, "hapa unapanda ulezi au unajenga barabara?"

Watu wakavunjika mbavu. Katekista alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanzu. Mpenzi wangu alikuwa amesimama katikati ya matuta yake, koti la ngozi begani, anageuka huku na huku akitafuta wapi alipokosea. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na yeye, na ikiwezekana na matuta.

Mchana washikaji zake walidandia lori la kurudi mjini. Nilimsikia mmoja akimwambia, "Twende zetu, mshikaji. Tumeshaumbuka." Naye akajibu, "Tangulieni." Kwa jinsi alivyolitamka hilo neno nikajua anatafuta tu lori jingine la kupanda bila mashahidi. Nikaenda kwa bibi kulia. Bibi hakunibembeleza. Alisema mwanaume aliyechekwa na kanisa zima huwa anaoa parokia nyingine, akaniambia nichochee moto.

Jumatatu asubuhi, umande bado haujakauka, nikasikia wanawake wanacheka tena kisimani. Nikatoka. Alikuwa anapanda kutoka korongoni na mzigo wa nyasi kichwani, umelowa, unamchuruzikia usoni. Kichwani! Mzigo ambao kwetu mwanaume angeubeba begani hata kama bega limevunjika. Akaumwaga shambani, akashuka kuchukua mwingine. Wanawake wakampigia vigelegele vya dhihaka, wakamwuliza kama atawasaidia na ndoo za maji. Na yeye, badala ya kununa, akacheka nao. Akasema ndoo zisubiri, amalize nyasi kwanza.

Bibi akachukua fimbo yake akaenda hadi shambani. "Mume wangu," alimwita, maana bibi na mume wa mjukuu ni watani, "nani alikwambia mimi nakula barabara? Vunja hayo madude yako nikuonyeshe." Akamwonyesha kwa fimbo: kata hapa, geuza, majani yaingie ndani, zungusha. Akikosea, fimbo inagonga jembe. Jua lilipopanda bibi akalalamika macho yanamuuma, naye akamvisha ile miwani myeusi. Basi wiki ile yote Mwazye ilipata picha ya bure: bibi kizee kakaa kwenye kigoda ana miwani ya steringi, na steringi mwenyewe kifua wazi, matope hadi masikioni. Koti la ngozi alilitundika kwenye kisiki, ng'ombe wa jirani zetu Wasukuma wakalitafuna mkono mmoja. Mwenye ng'ombe akaja kuomba radhi, akacheka, akabaki kusaidia kubeba nyasi.

Baba alikuwa akipita kila siku na baiskeli yake. Siku moja alisimama. Nilikuwa nimepeleka maji kwa bibi, nikasikia kila neno.

"Shikamoo, baba," alisema mpenzi wangu, na safari hii alichuchumaa, akapiga makofi.

"Marahaba. Jumapili hukusikia watu walivyokucheka?"

"Nilisikia, baba."

"Mbona hukuondoka na wenzako?"

"Shamba lilikuwa bado, baba."

Baba aliguna, akapanda baiskeli.

Nimeishi miaka mingi tangu hapo na nimeona mashujaa wa kila aina wakipita na magari yao. Wakati ule kila mtu alitaka aonekane: nguo mpya, redio mpya, maneno mapya. Na tulivyozidi kutaka kuonekana, ndivyo tulivyozidi kuogopa kuchekwa. Watu waliacha kuuliza njia wasionekane washamba. Waliacha wachumba, waliacha ufundi waliouanza, kwa sababu ya kicheko cha siku moja. Mwenzangu alikuwa mwoga wa mbwa, wa radi, hata wa kuku anayeatamia. Lakini kicheko hakikumtoa shambani. Kwangu mimi huo ndio ushujaa wa siku hizi, na sijali nani anabisha.

Alimaliza mvua zikiwa zinakatika. Shamba zima lilijaa ntumba, nyingine zimepinda kidogo, lakini ni ntumba. Baba akaita watu. Chungu cha kimpumu kikawekwa katikati ya ua, maji ya moto yakamiminwa, wazee wakashika mirija yao. Yule wa mahindi naye alikuwepo, pikapu ameiacha kivulini. Baba akaufuta mrija wake, akanywa funda moja kuonyesha pombe ni salama, kisha badala ya kumpa mdogo wake kama ilivyo desturi, akaunyoosha kwa yule kijana aliyekaa mwisho kabisa, karibu na kuku.

"Mkwe," alisema, "sogea unywe."

Kijana akasogea amejikunyata, hajui aushike mrija kwa mkono upi. Akavuta kwa nguvu mno, pombe ya moto ikampalia, akakohoa mbele ya ukoo mzima mpaka machozi yakamtoka. Kicheko kikalipuka, na yule wa mahindi ndiye aliyecheka kuliko wote.

Binti hakai na wanaume kwenye chungu. Mimi nilisimama jikoni mlangoni na wanawake wenzangu, nikaona yuko peke yake katikati ya kile kicheko. Nikavuka ua mzima, nikaketi chini ubavuni pake, nikaanza kumpigapiga mgongo. Kicheko kikanigeukia mimi. Shangazi akaniita kwa hasira, mara ya kwanza, mara ya pili. Masikio yaliniwaka moto, lakini sikuinuka.