Msamaha Ulioishia Uani

Nilirudi Koboko kutoka uhamishoni nikiwa na diploma ya sheria. Naitaja kwa sababu hakuna mtu aliyenisomesha: mchana nilifyatua matofali, jioni nikasoma, na katika kata yetu nzima ya Kuluba hakuna aliyenitangulia.

Kaka yangu, aliyekuwa askari kabla ya kujiunga na waasi, alitoka msituni serikali ilipotangaza msamaha. Mimi ndiye niliyempeleka Arua kujisalimisha. Alirudi mtu huru, lakini uhuru wake uliishia uani kwetu. Ng'ambo ya kijito aliishi mjane ambaye mumewe alichukuliwa na askari, kaka yangu akiwa mmoja wao, na hakuonekana tena. Kwetu, nyumba zenye damu iliyomwagika kati yao hazili katika chungu kimoja, wala hazikutani kisimani. Basi kaka hakwenda sokoni wala matangani. Alikaa mlangoni akinoa jembe ambalo halikuwa na shamba.

Kwa msomi, hilo lilikuwa jambo dogo. Nilivaa suti, nikamwendea mjane na kumweleza kwamba msamaha wa sheria hufuta kosa kana kwamba halikutendeka.

"Serikali imesamehe kitu yake," alisema huku akipepeta ulezi. "Bwana yangu ilikuwa ya serikali?"

"Mama, sheria—"

"Wewe mutu ya suti, sheria yako inajua yeye iko wapi?"

Kule Arua hakuna aliyemuuliza kaka swali hilo, na mimi, kama mwanasheria yeyote makini, nilikuwa nimemshauri asijibu asichoulizwa.

Nilimfikishia kaka maneno ya mjane. Akaacha kunoa.

"Nikisema, watanikamata?"

"Hawawezi. Umesamehewa."

"Kumbe! Msituni nilitoka, ukaja kunifunga mdomo wewe, bwana diploma."

Asubuhi alivuka kijito, jembe begani. Alimwonyesha mjane mahali mumewe alipofukiwa, kando ya njia ya zamani ya mpakani. Wanaume wa ukoo wa mjane wakachimba, wakampata marehemu, na hatimaye matanga yakawekwa. Tulikwenda wote wawili. Chakula kilipopakuliwa, mjane alimsogelea kaka.

"Wewe rudi nyumbani," alisema bila ukali. "Sasa nimepata wa kulilia. Wacha nilie kwanza."

Kaka akarudi kwenye kiti chake mlangoni. Bado nasema sheria ilifanya kazi yake yote. Niliketi kando yake tukisikiliza ngoma za matanga, maana nyumba yetu ni moja: chungu kile cha matangani hata mimi sikuruhusiwa kukigusa, pamoja na diploma yangu.