Ongeza Mkataba Mmoja Tu

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, mtoto wa kaka yangu, ambayo kwa miaka mingi nimeisimulia uongo. Mtu akiniuliza kwa nini sikuolewa na Opio, jibu langu lilikuwa tayari mdomoni: Iraki ilimharibu. Wanaokwenda kulinda mageti kule hurudi watu wengine, nilisema, na shangazi zako wengine wakatikisa vichwa, wakanihurumia, nami nikaipokea huruma yao kama mshahara. Ukweli ni kwamba Opio alitaka kurudi nyumbani, na mimi ndiye niliyemwambia asirudi.

Sikukusudia kuyasema haya hata kaburini. Lakini umeniingiza kwenye kundi la WhatsApp la kamati yako ya harusi. Jana mwenyekiti wenu aliandika kwamba bajeti "imepanda kidogo", na chini yake mchumba wako aliuliza kama kuna anayemjua wakala wa kazi za Qatar. Usiku wangu uliishia hapo.

Mimi na Opio tulikulia kambi moja ya jeshi, baba zetu wakiwa kikosi kimoja. Yeye akawa mwalimu wa shule ya msingi. Mimi nikaenda chuo kikuu, nikarudi na shahada pamoja na ugonjwa wa kusahihisha Kiswahili cha watu wazima, nikapata kazi katika ofisi moja Nakasero, Kampala. Tulipotaka kuoana hatukuwa na kitu. Baba yangu, sajenti mstaafu, alitupa mpango wake: misa ya asubuhi, kisha uani kwake Kamwokya, wali, maharagwe na mbuzi mmoja. "Muite watu kidogo," alisema, "wale wako na njaa ya kweli."

Nilikubali kwa mdomo. Moyoni niliuona ule ua wa Kamwokya, na kamba za nguo za wapangaji, na baa ya jirani iliyoanza kelele kabla ya kengele ya kanisa. Kila siku nikienda kazini nilipita bustani ya hoteli moja, nyasi zake zimekatwa kama nywele za kadeti. Huko ndiko nilikotaka kupigiwa picha. Mtu hujikuna ajipatapo, mwanangu, lakini mimi niliwashwa mgongoni, mahali ambapo mkono wangu haufiki.

Nawe unajua Kampala yetu: asiye na pesa huunda kamati. Kila Jumatano tulikutana uani mwa baa, tukachagua mwenyekiti na mweka hazina, tukawatoza faini waliochelewa, tukanadi kuku wa kuchoma hadi bei yake ikatosha kununua ng'ombe. Mtu husimama, hutaja atakachotoa, hupigiwa makofi, huketi. Makofi hayadaiwi. Wahenga walisema ahadi ni deni, lakini hao hawakuwahi kuhudhuria mkutano wa harusi.

Mwenyekiti wetu, Kato, nilifanya naye kazi ofisi moja. Alikuwa na tumbo la furaha na sauti ya mnada. "Banange, jamani," aliuliza, "harusi bila keki ya ghorofa, hiyo ni harusi ama ni matanga?" Watu wakacheka. Nikacheka kuwashinda wote. Opio aliangalia viatu vyake.

Ahadi hazikuja, na hoteli ilitaka malipo ya awali. Ndipo Opio alipoiacha chaki, akatia saini mkataba na kampuni ya ulinzi, akaenda. Alituma pesa kila mwezi. Na kila zilipofika, kamati iligundua jambo ambalo harusi ya heshima haiwezi kulikosa: mahema ya rangi mbili, gari refu la maharusi, mchekeshaji. Tuliendelea kukutana bila bwana harusi. Kato aliiweka simu yangu mezani kati ya chupa na sahani ya nyama, akaifungua spika, na kiti cha Opio kikawa hicho.

Baba alikuja mara moja tu, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mimi nilimuoa mama yako na likizo ya siku tatu," aliniambia tukirudi nyumbani. "Tulikula posho na maharagwe ya jeshi. Wewe ukazaliwa. Pua yako haiko sawa?"

"Baba, dunia imebadilika."

"Dunia gani? Hii inakunywa bia bure kila Jumatano?"

Nilinuna hadi mlangoni, kisha nikamsahihisha sarufi. Alifungua kufuli, akaniacha nipite mbele, kama mgeni.

Jumatano ninayokuungamia ilifika mkataba wa Opio ukikaribia kwisha. Alipiga simu mapema, kabla ya mkutano, nikatoka nje ya ua wa baa kumsikia vizuri.

"Nilichonacho kinatosha," alisema. "Twende kwa padri, watu wanywe chai, tuanze maisha. Huku mimi silali. Nikifumba macho nasikia geti."

Nikatazama nyuma. Kato alikuwa anapanga viti.

"Opio, watu wameshatangaziwa hoteli. Ongeza mkataba mmoja tu."

Akasema, "Sawa, nyabo." Kijana niliyegawana naye mihogo ya kambini aliniita kama muuza nyanya wa sokoni anavyomwita mteja asiyemjua. Nilisikia, mwanangu. Nilisikia vizuri sana, nikarudi ndani kuchagua rangi za mahema.

Najua hutanisikia. Aliye katikati ya makofi hasikii, na mimi sina mfano mwema wa kukuonyesha, nina nyumba yenye kikombe kimoja kwenye sinia. Hata hivyo nitasema, maana kunyamaza nimekwisha kujaribu. Mkae nyinyi wawili peke yenu, mkiangalie mlichonacho, ndipo muite watu wanaotoshana nacho. Anayeweza kukutembelea ukilazwa hospitali, huyo mwalike. Aliyebaki atakula kwingine, na hatakufa. Ua wa nyumbani ukikuaibisha, ufagie. Ahadi ya mkutanoni usiinunulie hata maua. Na mchumba wako akisema kilichopo kinatosha, hiyo ndiyo ndoa yenyewe inapita mbele yako, ishike. Usimtume mtu ng'ambo akakununulie siku moja. Mungu akujalie nyumba ambamo chai ya rangi hainyweki kwa siri, na mwenzi anayelala usingizi mzito ubavuni mwako, na masikio, mwanangu, akujalie masikio mapema kuliko alivyonijalia mimi.

Bado sijakueleza ilivyokwisha. Ulikuwa mchana wa kawaida, niko ofisini, mkataba wa pili umebakiza wiki chache kwa hesabu yangu. Namba ilikuwa ya hapa hapa Uganda.

"Ni mimi," alisema Opio. "Niko Gulu, kwa mama."

"Gulu? Umefika lini?"

"Mwezi uliopita. Nilivunja mkataba."

Nyuma yake nilisikia kuku, na mwanamke akicheka kwa mbali.

"Mwezi mzima hukunipigia?"

"Niliogopa mkutano," alisema, na hakuwa anatania.

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi, mwanangu. Ningeweza kumwuliza kama analala sasa. Ningeweza kusema naja, basi la Gulu liko kila saa. Maneno yote nilikuwa nayo, kwa lugha tatu, na shahada juu yake. Nikafungua mdomo, nikasikia sauti yangu ikiuliza:

"Na hoteli je?"

Opio akacheka kidogo, bila ubaya, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Unaona?" alisema, akakata simu.