Mashine Iliyotembea hadi Mlangoni

Mwanvua alikuwa amefua mashuka ya wanaojifungua katika maternite moja ya Kasongo kwa miaka kumi na minne, sita ya mwisho kwa mashine. Hakufundishwa na mtu. Siku mashine ilipokataa kutoa maji, alikaa na kitabu cha maelezo ya mashine, cha Kifaransa, akafungua kifuniko kidogo cha chini, akatoa soksi ya mtoto na mchanga wa kujaza kiganja. Tangu hapo wenye mashine mjini walimwita yeye.

Sifa zake zilimfikia Mugisho, mnunuzi wa dhahabu wa Kabambare. Akapiga simu.

"Mama, mashine yangu mupya inaruka kama mbuzi kwenye kamba. Fundi wa hapa anasema motere imekufa."

"Pipa la ndani linazunguka?"

"Linazunguka sana! Mashine yote inatembea mpaka kwenye mulango."

"Basi motere iko muzima. Musiifungue. Ninakuja."

Alikwenda kwa pikipiki, siku nzima ya tope. Asubuhi iliyofuata Kavira, mke wa Mugisho, alimpokea huku akijifuta povu. Alikuwa amesharudia kufua kwa mkono kwenye beseni lake.

Mwanvua alipima sakafu kwa bakuli la maji. Iliinama. Akazungusha miguu ya mashine mpaka ikakaa sawa, akasema, "Sasa itatulia." Wakawasha jenereta. Mashine ilijaza maji, ikazungusha nguo polepole, kisha ilipofika kwenye kukamua ikaanza kutetemeka na kuruka vilevile. Kavira akachomoa waya.

"Fundi alisema kweli," alisema Mugisho. "Nitaiuza kama vyuma."

Mwanvua aliona haya kidogo, kwani alikuwa amesema upesi mno. Lakini hakuondoka.

"Ililetwaje hapa?"

"Kwenye kamio la mizigo, kutoka Bukavu. Wiki tatu."

"Na kule nyuma, kuko mutu aliangalia?"

Wakaivuta mashine kutoka ukutani. Mgongoni kulikuwa na bolti nne ndefu.

"Ndizo hizi," alisema Mwanvua. "Kiwandani wanafunga nazo pipa la nje, linalobeba lile la ndani, lisivunjike njiani. Ikifika nyumbani, zinatoka. Lenu bado limefungwa; la ndani likizunguka, linataka kucheza, linabeba mashine nzima."

Aliomba spana, akazitoa moja moja. Waliporudia, mashine ilivuma, ikatetemeka kidogo, ikabaki palepale. Kavira aliweka kiganja juu yake mpaka kukamua kulipoisha, kisha akatoa shuka na kulikunja. Halikudondosha hata tone.

"Weka bolti mahali pamoja," Mwanvua alimwambia. "Siku mutahama, muzirudishe. Na sasa chuchumaa hapa, nikuonyeshe kifuniko cha mchanga."

Mugisho akasogea akitaka kukifungua.

"Wewe acha," Kavira alisema, akipiga magoti. "Mama ananifundisha mimi."